Mama Mwalimu na Betirave Zake

Sijapata kuona mtu aliyeheshimu kiazi namna ile. Betirave, kile kiazi chekundu cha Wazungu, ambacho kwetu Maniema hata mbuzi angekinusa akaenda zake, yeye alikipokea kwa mikono miwili kama mgeni aliyetoka mbali. Na kiazi hicho hicho ndicho kilichomtoa mama yake nyumbani kwake. Nalisema hili mapema, maana vituko vyake vilikuwa vingi na najua utacheka. Mimi mwenyewe nilicheka sana miaka ile. Siku hizi nikikumbuka roho inaniuma.

Tulimwita Mama Mwalimu. Jina lake lilikuwapo, lilitamkwa siku ya kugawa vyeti, lakini sisi majirani zake wa Mangobo hatukuwa na kazi nalo. Alifundisha fwaye, ile nyumba ndefu yenye baraza ambako wake za makarani, mafundi na wauguzi walikwenda mchana kujifunza kushona, kupiga pasi, kumwogesha mtoto kwenye beseni na kupika chakula cha kizungu. Bibi mmoja wa Kibelgiji alipita asubuhi kukagua, akasema bon, akaondoka na gari lake. Aliyetufundisha hasa alikuwa yeye. Mume wangu, seremala wa bandarini, alinipeleka kwa sababu wenzake wote wameshawapeleka wake zao na yeye hataki kuonekana mshamba. Nilikwenda nimenuna. Wiki ya kwanza nilinuna, ya pili nikasahau kununa.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa mtu anayebeba ndoo kichwani hata kama hana ndoo. Aproni yake ilipigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Aliivaa darasani, aliivaa bombani, na nasikia aliivaa siku aliyoshikwa na uchungu wa mtoto wake wa mwisho, akakataa kuivua mpaka mkunga alipomkemea. Watu wake walikuwa Wagenia, wale wa kwenye maporomoko, wanaosimamisha magogo ndani ya maji makali na kutundika mitego yao ya samaki. Lakini yeye samaki hakuwafundisha. Alisema samaki kila mwanamke anamjua, hakuja fwaye kupoteza muda wa watu.

Betirave, sasa, hiyo ilikuwa dini yake. Zilikuja na malori kutoka milima ya Kivu, kwa njia ya Bafwasende, pamoja na kabichi na karoti za maduka ya Wazungu. Mvua ikiharibu barabara, hazikuja, na Mama Mwalimu alikuwa na hasira wiki nzima kama mwanamke aliyenyimwa kitenge. Zikija, alikwenda mwenyewe kuchagua zile zilizopasuka au zilizochubuka, ambazo duka halikuzitaka, akazileta darasani ndani ya kikapu amezifunika kitambaa safi.

Kwanza usizimenye. Hilo alilirudia mpaka tukaliota. Usimenye, usikate mkia, usikate majani yote, acha shina kidogo juu. Ukiikata, inalia, alisema, inamwaga rangi yake yote ndani ya sufuria na wewe unabaki na kitu cheupe kama kidole cha mgonjwa. Unachemsha nzima, polepole, juu ya mbabula, lile jiko la makaa, yenye moto wa kutosha, mpaka kisu kiingie bila kubishana. Halafu unaziweka kwenye maji baridi na kuzisugua kwa vidole gumba, na ngozi inateleza inatoka yenyewe. Hapo ndipo mikono yetu ilipogeuka kama ya wachinjaji. Unakata vipande, unapanga ndani ya bokali, ile chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kipande na kitunguu, kipande na kitunguu. Siki umeshaichemsha na sukari kidogo, chumvi, karafuu na punje za pilipili. Bokali umeshaliosha kwa maji ya moto, na ndani umeweka kijiko cha chuma ili lisipasuke. Unamimina, unafunga ikiwa bado ya moto, unaficha kabatini mbali na mwanga. Halafu unasubiri. Kusubiri ndiko kulikotushinda. Wengi tulifungua kabla ya wakati, na yeye alijua kwa kuangalia tu, akaweka bokali chini, akageukia mwingine.

Mimi ni mtu wa Kasongo, Mwislamu, na siki ile ilinipa shida moyoni. Ilinuka kama divai ya baba padri. Nikamuuliza mbele ya darasa kama si pombe. Aliinua chupa, akaisoma karatasi yake yote mstari kwa mstari, akaniambia kwa utaratibu kabisa kwamba kama naweza kulewa kwa hiyo nimwambie, atamletea mume wake, atapunguza gharama ya lotoko, ile pombe kali ya mtaani. Wanawake walicheka mpaka mmoja akadondosha kisu. Yeye hakucheka. Hakucheka darasani hata siku moja, na ndiyo maana maneno yake yalichekesha.

Alikuwa na misemo yake, ya kwake mwenyewe. Mtu akidunga nyama kwa nguvu, alimwambia, "Uma si mkuki, mama." Mtu akiongea huku anatafuna, alimwuliza kama chakula kimemwomba atoe hotuba. Na kulikuwa na moja aliyoikazia kuliko zote: sahani ya mgeni ni ya mgeni. Ukishamwandalia mtu, ukaweka sahani mbele yake, mkono wako hauingii tena mle. Huonji, hugusi, hupangi upya. Unasimama kando, mikono nyuma, unangoja aseme ahsante. Tulifanya mazoezi ya kusimama hivyo, mikono nyuma, kama askari wa gwaride, na nyumbani waume zetu walituuliza kama tumeumwa mgongo.

Lakini usidhani alikuwa Mzungu mweusi, kama wengine walivyomsema. Mimi nilikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na kati ya yadi zetu kulikuwa na miti ya mihogo tu. Mwalimu yule yule wa uma na kisu, akirudi nyumbani alivua viatu, akaketi chini kwenye mkeka nyuma ya jiko, akala lituma kwa mkono katika sufuria moja na mama yake. Lituma ya ndizi iliyopondwa ikapondeka, na mbisi, samaki wa mtoni, ndani ya majani, na pili-pili ya kumtoa mtu machozi. Walikula wakipigana vikumbo kugombea kichwa cha samaki. Na betirave alizozisifia miaka yote, hakuzila. Hata kipande. Siki ilimchoma tumbo. Alizipima kwa pua na kwa macho, akijua kwa rangi tu kama zimeiva, lakini kinywani hazikupita. Nilipogundua nilimwambia ni tapeli. Akaniambia fundi majeneza naye halali ndani.

Mama yake alikuwa bibi mfupi, mwenye sauti ya watu waliozoea kuongea juu ya kelele za maji. Alikuja kumsaidia binti yake na mtoto mchanga, akakaa. Aliwapenda wajukuu, alinipenda mimi, na alitucheka sote tukipita na mabokali yetu kama tumebeba watoto. Kitu kimoja tu kilimfanya aishi nusu nje: mkwe wake. Kwao, na kwetu pia, mama mkwe hali mbele ya mume wa binti yake. Ni haya, ni heshima, haihitaji maelezo. Basi mume akiingia mlango wa mbele, bibi alitoka wa nyuma. Na mume, karani wa reli, mtu mpole, alikuwa na adabu yake: kabla ya kupita kwenda uani alikohoa mara mbili tatu, hata kama hana kikohozi, ili bibi apate nafasi ya kufunika chakula chake. Waliishi hivyo vizuri kabisa.

Kilicholeta shida ni kadi. Miaka ile karani akitaka kusonga mbele alitafuta ile kadi ya watu walioendelea, na kabla ya kuipata walikuja wageni nyumbani kuangalia anaishi vipi. Walitazama kitanda, walitazama choo, walitaka kujua kama mke anakula meza moja na mume wake. Mume wa Mama Mwalimu alikosa usingizi kwa kadi ile. Jioni moja alimwuliza mke wake siku ya wageni bibi atakaa wapi. Hakusema bibi aondoke. Aliuliza tu, kwa wasiwasi wake wa karani, na dirisha lilikuwa wazi na bibi alikuwa uani akichambua pondu, majani ya mihogo. Mimi niliyasikia kutoka kwangu. Yeye alikuwa karibu zaidi.

Mama Mwalimu akatafuta njia yake ya kurekebisha. Alifikiri mama yake anajiona yuko nje ya mambo ya nyumba ile, nje ya meza, nje ya hayo mabokali, basi amwingize. Siku ya Jumapili mchana alifungua bokali lake bora. Akapanga sahani: betirave, yai la kuchemsha lililokatwa, kitunguu juu. Akaipeleka mwenyewe uani, akaiweka kwenye kigoda mbele ya mama yake, na uma kando. Nilikuwa pale, nimekuja kuomba kaa la moto. Akarudi hatua moja nyuma, akasimama, mikono nyuma.

Sasa, kila mtu aliyelelewa na mama anajua jambo hili. Ukimpa mzee chakula au kinywaji, unaonja wewe kwanza, mbele ya macho yake. Tonge moja, funda moja. Hakuna anayelisema, mikono inafanya yenyewe. Kumpa mtu sahani yake peke yake, ambayo hakuna mwingine aliyeigusa, na kusimama ukimtazama anavyokula, hilo kwetu lina maana yake, na maana yenyewe si nzuri. Mama Mwalimu alijua vizuri kuliko mimi. Lakini ilikuwa miaka sasa anafundisha watu kusimama kando, na mwili wake ulikuwa umesahau. Tena tumbo lake na siki, tumeshasema.

Bibi aliitazama sahani. Akautazama mkono wa binti yake, akangoja. Niliona alivyongoja. Kisha akaacha uma, akala kwa vidole, kipande baada ya kipande, uso umekunjamana kwa ule uchachu, mpaka akamaliza yote. Akasema ahsante. Binti yake aliondoka na sahani tupu anang'aa kama amepewa cheti.

Asubuhi yake bibi alifunga nguo zake ndani ya kitambaa, akawabusu wajukuu, akasema amemkumbuka kaka yake. Akaenda kwa miguu mpaka maporomokoni. Hakurudi.

Kutoka Mangobo mpaka kwa Wagenia si safari. Mtu wa baiskeli anakwenda anarudi kabla ugali haujapoa. Ndiyo maana iliuma zaidi. Mama Mwalimu aliamini mama yake ameondoka kwa ajili ya lile neno la dirishani, na akamgeuzia mume wake mgongo. Nyumba ile iliyojaa vikohozi vya adabu ikawa kimya. Mume aliapa kwamba hakumfukuza mtu, akaenda mwenyewe kumwangukia mama mkwe, akapokelewa vizuri, akapewa kiti, akarudi bila bibi. Alipokwenda binti, naye alipokelewa vizuri. Bibi alimshika mikono, akamwuliza habari za watoto mmoja mmoja. Lakini chakula kutoka mkono wake hakukigusa. Ukileta mkate, alisema weka hapo. Ukileta sukari, weka hapo. Siku moja Mama Mwalimu alisahau kitambaa chake, akarudi nyuma kukichukua, akamkuta mama yake ameinama kwenye jiwe, anautupa mkate majini.

Aliniambia hilo siku ile ile, kwenye mihogo yetu, na aproni bado imesimama kifuani. Alisema anataka kitu kimoja tu duniani, mama yake ale kutoka mkono wake. Kadi ikija, isije, wageni wakalie vichwa vyao. Kadi, kwa taarifa yako, ilikuja. Mume aliibeba mfukoni na hakuna aliyefanya sherehe.

Alizidi kufundisha. Nilidhani ataacha betirave, lakini alizidisha, akawa mkali zaidi, na watu wakasema moyo wake ni jiwe, mama yake anaishi kwenye moshi wa samaki na yeye anachemsha siki. Watu wana midomo. Mimi niliyeishi ukutani mwake nilijua kwamba mkeka wa nyuma ya jiko alikuwa ameukunja na hakuukunjua tena. Alikula mezani, na uma, peke yake kama mume hayupo.

Ilipita miaka. Halafu mchana mmoja darasani, tukiwa kwenye kusugua ngozi, mke wa fundi cherehani akaanza kusimulia aibu aliyotiwa na mume wake. Alimpikia betirave, bokali zima, na mume alizipenda. Kesho yake asubuhi akatoka chooni analia, anashika ukuta, anasema mke amemroga, anakojoa damu. Akakimbia dispensari bila viatu. Kule mwuguzi akamwuliza amekula nini, akacheka, akamwambia arudi nyumbani, ni rangi ya kile kiazi tu, inapita kama ilivyoingia. Darasa zima tulianguka. Wengine walikaa chini kwa kucheka.

Mama Mwalimu alikuwa ameshika bokali. Akamwomba yule mwanamke arudie. Akarudia, huku anapangusa machozi ya kicheko. Mama Mwalimu akauliza kama ilikuwa nyekundu kabisa. Kabisa, Mama Mwalimu, kama damu. Akaliweka bokali mezani, akasema somo limekwisha, na jua lilikuwa bado juu. Akatoka vile vile na aproni na mikono myekundu. Nilivaa viatu vyangu nikamfuata, maana sikupenda alivyokuwa anatembea.

Tulimkuta bibi anageuza samaki juu ya moshi. Binti alimwuliza moja kwa moja kama siku ile alikojoa damu, bila salamu, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Bibi alinitazama mimi, akaona mimi ni mtu wa nyumbani. Akasema ndiyo. Asubuhi ile aliyoondoka aliona damu. Alimwambia kaka yake tu, na kaka yake akasema sumu ya mjini ndivyo ilivyo, haikuui siku hiyo, inakutoa polepole. Yeye alikumbuka sahani iliyoletwa peke yake. Alikumbuka mkono ambao haukuonja. Alikumbuka mkwe anauliza bibi atakaa wapi. Hakumlaani mtoto wake, hakumshitaki kwa ukoo. Aliondoka tu ili asije akafa mikononi mwake na kumtia mtoto balaa. Fikiri. Hata katika kuamini ubaya ule, bado alikuwa anamlinda.

Mama Mwalimu alieleza yote, fundi cherehani, dispensari, rangi ya kiazi. Bibi alisikiliza. Kaka yake akatoka nyumbani, akasema kama ni kweli, kesho aje na hicho kiazi, ale yeye mwenyewe, tuone.

Kesho alikuja na bokali. Nilikuwapo. Alikula mbele yao, kwa mkono, vipande vyote, na vitunguu, akanywa na siki iliyobaki chini, yeye ambaye tumbo lake halikuweza hata tone. Jasho lilimtoka. Kaka wa bibi alisimama kama hakimu. Alilala kule, na asubuhi bibi alikwenda naye nyuma ya mawe, mama na mtoto wake, kuangalia.

Ilikuwa nyeupe. Safi kama maji ya mvua.

Nilikuja kuwapokea nikamkuta Mama Mwalimu amekaa chini, anashika tumbo. Bibi alikuwa amemwinamia, anampapasa mgongo. Alimwambia kwa sauti ya chini, yeye wa sauti kubwa, "Yako iko safi, mutoto wangu. Ni yangu tu ilikuwa damu." Na akaongeza, "Nilishakusamehea zamani. Usijitese tena."

Kumsamehe mtu kosa ambalo hakulifanya, sijui kama kuna kofi kubwa kuliko hilo. Mama Mwalimu alikwenda dispensari siku hiyo hiyo. Mwuguzi akamwambia ndivyo ilivyo, miili haifanani, kuna mtu inampita nyekundu na kuna mtu haimfanyi kitu, wala hakuna anayejua mpaka ale. Alirudi mbio na neno hilo kwa mama yake kama amepata dawa. Bibi alilitafakari kwa adabu. "Donc ni sumu yenye kuchagua mutu," alisema. Na hapo hata mimi, niliyejua ukweli, niliona kwamba kwa masikio ya bibi neno la mwuguzi limeharibu zaidi.

Nilimwendea fundi cherehani. Nilimwomba aje pamoja nami kwa Wagenia amwambie bibi kwa kinywa chake yaliyomkuta. Alikataa. Alisema yeye ni mtu mzima, hawezi kusimama mbele ya mama wa watu kuzungumzia mkojo wake. Nilimtukana nikatukana na cherehani yake. Mke wake alijitolea kwenda, lakini bibi alisema yeye hakuona, aliambiwa, na mume akiambiwa na mwuguzi, na mwuguzi tumeshamsikia. Mimi nami nilikuwa nimekula betirave miaka na hazikuwahi kunitokea hivyo, kwa hiyo ushahidi wangu ulikuwa upande wa sumu. Sikuutoa.

Baadaye mume wangu alipata kazi ng'ambo ya mto, tukahamia Lubunga, na mto ule mpana ukafanya kazi yake. Kuvuka ni safari, watoto wana homa, mwezi unapita. Nilisikia kwamba bibi anaumwa. Halafu nilisikia amekufa. Halafu nikasikia neno ambalo sikutaka kulisikia, kwamba kwenye matanga ukoo wa maporomoko ulimketisha Mama Mwalimu nje ya ua, mbali na maiti, kwa sababu alikiri kwa kinywa chake kwamba alimtilia mama yake sumu. Nilimfokea aliyenieleza. Nilimwambia ni mwongo, na mama yake mwongo.

Nilimkuta kwenye kivuko, upande wa mjini, miaka ya hamsini ikielekea mwisho. Alikuwa amevaa kitenge cheusi cha matanga, bila aproni, na kikapu kitupu mkononi. Nilipomwona bila aproni sikumjua mara moja. Tulikumbatiana, tukakaa juu ya magunia tukisubiri feri. Alikuwa amekonda. Aliniuliza habari za watoto mmoja mmoja, kama mama yake alivyofanya. Alisema fwaye bado anafundisha, kushona tu. Betirave hapana. Wanawake hawakukataa, aliniambia, walikuwa wapole, walichemsha wakafunga, wakayaacha mabokali kwenye rafu, hawakuyabeba kwenda nayo.

Mimi sina subira, unanijua. Nilimwambia niliyoyasikia, na kwamba nilimfokea mtu kwa ajili yake. Nilingoja aniambie nilifanya vizuri.

Akaniambia ni kweli.

Nilimshika mkono. Nilimwambia hakutia kitu, mimi nilikuwapo, niliona sahani ile kwa macho yangu mawili, angewezaje kujipaka uchafu ule mbele ya ukoo mzima, na watoto wake watabeba jina gani. Niliongea sana. Aliniacha nimalize, kama alivyofanya darasani mtu akichemsha vibaya.

Alisema mama yake hakuwa anakula tena. Si kutoka kwake tu, kwa mtu yeyote. Alikuwa anageuza uso ukutani. Siku moja alimwita akamwambia ameshasamehe, ila kuna kitu kinamkaa kooni, mtoto wake anakana mpaka leo. Anataka asikie kwa kinywa chake kabla ya kwenda.

"Alors nikasema," aliniambia. "Nikapiga magoti, nikasema, ndiyo mama, ni mimi. Nilitia."

Feri ilikuwa imefika, watu wanasukumana na kuku na baiskeli zao. Yeye hakuinuka. Nilimwuliza mama yake alijibu nini.

"Alilia kidogo. Akaniambia, basi imeisha, kapike." Alikuwa anautazama mto. "Nikamupikia lituma na mbisi, nikamulisha kwa mukono wangu. Alikula yote, mama. Halafu akaniomba maji."